Fatiha Kabla ya Kura

Wenzangu vijana mnaosimamia vituo vya kura, kule kwenye mafunzo mlicheka mpaka mkashika mbavu, kisha mkanifuata wakati wa chai mkiniambia, mama, haya uyaandike kabla hujafa. Ahsanteni kwa adabu zenu. Nimestaafu, sijafa, na kwa kuwa mchana wangu sasa ni mrefu, haya, naandika. Vyeo sitavitaja na mishahara haina hadithi. Kiswahili changu mkivumilie: nilikipata kwa bibi yangu, ambaye alikuwa amebakiwa na kile cha dua, cha biashara na cha kuwatukana mabaharia, kisha nikakinoa Unguja kwa binti yangu aliyeolewa huko. Kwetu watu husema Kimalagasi, ofisini Kifaransa, na majirani zangu wengi Kikomori. Yote mtakayoyasoma humu yalisemwa kwa lugha hizo, mimi nawavushia tu.

Nimezaliwa Dzamandzar, katika kisiwa cha Nosy Be, karibu na kiwanda cha sukari, na mpaka leo nikisikia harufu ya molasi naona njaa. Mwishoni mwa miaka ya sabini niliajiriwa manispaa kupiga chapa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni: sijamaliza hata mwezi nikatupiwa kazi ya uchaguzi, kwa sababu karani yeyote mwenye akili alikuwa ameikimbia. Aliyenipokea alikuwa Msye Ernest. Msye ndivyo tulivyokuwa tukiwaita wakubwa wa ofisini. Alikuwa mtu wa nyanda za juu, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, mrefu, mkavu, na mdomo wake ulikuwa na pilipili.

Nilimuuliza siku ya kwanza kazi yetu hasa ni nini, maana enzi zile vyama vyote vilikuwa chini ya mwavuli mmoja na matokeo yalikuwa na tabia ya kuzitangulia kura. Akanijibu kwamba kazi yetu ni kufanya kila kitu sawasawa, ili siku kura itakapokuwa ya kweli ikute watu wanaoijua. Nilidhani ananitania. Alikuwa hatanii hata kidogo.

Vyombo vyetu vilikuwa sanduku la mbao, kufuli mbili, lakiri ya kuyeyusha kwa mshumaa, mihuri, bahasha, na pazia. Ninyi wa siku hizi mna karatasi moja yenye picha za wagombea wote. Sisi kila mgombea alikuwa na karatasi yake. Mpiga kura anachukua moja ya kila mmoja na bahasha tupu, anaingia nyuma ya pazia, anaitia anayoitaka ndani ya bahasha, na zilizobaki anazitupa kapuni. Msye Ernest alinifundisha kwamba sanduku hulindwa na kila mtu, lakini siri ya kura imo kapuni. Ukimwachia mtu achungulie kapu, atajua nani kakataliwa na nani. Kwa hiyo kapu lilikuwa likibadilishwa kila mara, na karatasi zake zikichanganywa kama karanga za kukaanga.

Jambo jingine alilonifundisha ni kulipindua sanduku. Asubuhi, kabla ya kufunga kufuli, unaliinua mbele ya watu, unaligeuza juu chini, unalitikisa. Siku yangu ya kwanza kiwandani Dzamandzar nililitikisa, akaanguka mjusi. Wafanyakazi walipiga makofi wakasema ndiye mgombea pekee wanayemwamini. Hao walikuwa wakija moja kwa moja kutoka zamu, vidole vimeganda utamu, na karatasi zikawanata mkononi hata wakawa wanaingia nyuma ya pazia na tatu wakitoka na mbili zimewaganda vidoleni, kila mtu anaziona. Msye Ernest akaagiza ndoo ya maji na kitambaa. Tangu hapo sikuwahi kufungua kituo bila ndoo ya maji, na nawausia msiidharau.

Nikaolewa Mahajanga. Nikavuka bahari hadi bandari ya Ankify na sanduku langu la nguo na ungo wa bibi, nikashika barabara ya bara, nikahamia mtaa wa Tsaramandroso na kwenye ofisi ya uchaguzi ya manispaa ya huko. Nilikuta mji ambao ulikuwa bado unaongea kwa sauti ya chini. Kabla sijafika zilikuwa zimetokea fujo za kuwawinda Wakomori, zilizowafanya wengi, hata waliozaliwa palepale, wapande meli kwenda visiwani ambako hawakuwahi kuishi. Waliobaki walibaki kimya. Msikitini walikuwa wakija, dukani wakiuza, lakini ukimuuliza mtu anaitakaje serikali anakuuliza wewe unaitakaje chai.

Mmoja wa waliobaki alikuwa jirani yangu Bi Echati, mjane, Mkomori, muuza vitumbua. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini sauti yake ilikuwa ikifika sokoni kabla yake. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nassor. Siku za zile fujo aliyewaficha mama na mwana, nyuma ya karakana yake, chini ya maturubai ya posiposi mbovu, alikuwa Jaomanga, Msakalava, yaani mwenyeji wa pwani ile, fundi wa hizo posiposi za abiria zinazovutwa kwa mikono. Jaomanga hakuwa Mwislamu na wala hakujidai kuwa mtu mwema. Alikuwa akisema aliwaficha kwa sababu alikuwa na deni la vitumbua.

Miaka ikaenda, Nassor akaenda kusoma dini Uarabuni, akarudi na ndevu nzuri na vitabu masanduku mawili. Nisimseme vibaya. Alifundisha watoto wetu bila malipo, aliosha maiti ambao hawakuwa na ndugu, na akisema neno analisimamia. Tatizo lake alikuwa na maneno mengi ya kusimamia. Miaka ya tisini, mlango wa vyama vingi ulipofunguliwa, alihutubu kwamba kupiga kura ni uzushi na Mwislamu hana haja nao, ana shura. Uchaguzi uliofuata, manispaa ilipotangaza kwamba kila mtaa utachagua mjumbe wake, akagundua kwamba kura ni wajibu. Alikuwa anagombea yeye. Mpinzani wake alikuwa Jaomanga.

Nilimuuliza imekuwaje, kwa upole, maana alikuwa kama mdogo wangu. Akaniambia jambo ambalo sikulicheka. Akasema, dada Zaina, tuliwindwa kwa sababu hatukuwa na mtu ndani ya ofisi hata mmoja. Kura ikitugawa tutarudi pale pale. Waislamu wa Tsaramandroso wakae, wakubaliane jina moja, wasimame nyuma yake wote kama safu ya sala. Hiyo ndiyo shura, na ndiyo salama yetu. Nikamwambia sawa, ila katika hiyo shura mimi sijawahi kuulizwa kitu. Akasema wanawake wanawakilishwa. Nikasema na nani. Akatazama saa.

Sasa lazima niwaeleze mila yetu, msije mkapotea. Kwetu, watu wakikaa kujadili posa, mipaka ya shamba au ugomvi wa ndugu, mazungumzo yanaweza kwenda mchana kutwa. Lakini mkubwa wa baraza akisema Al-Fatiha, watu wakainua mikono, wakasoma, wakajipangusa nyuso, basi. Jambo limefungwa. Aliyekuwa na lake la kusema amechelewa, na anayelifungua tena huonekana anacheza na balaa. Nimeona ndoa zimeokolewa hivyo, na nimeona wajomba wajanja wanaokimbilia Fatiha pale tu wanapoona mjadala unawaelemea.

Ijumaa kabla ya uchaguzi, wanaume walikaa msikitini baada ya sala wakajadili hilo jina moja. Wengi wakamwelekea Nassor. Lakini Fatiha haikusomwa, kwa sababu Fundi Hamza hakuisoma. Fundi, kwa Wakomori, ni mwalimu wa dini. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa msikiti, mzee wa taratibu, anayefikiri kwanza, anayekohoa pili, na anayesema tatu. Alisema watu wamwache alitafakari jambo. Wakatawanyika, jambo likiwa wazi kama mlango wa duka.

Siku ya uchaguzi nilikuwa msimamizi wa kituo chetu, mwanamke wa kwanza mtaani kukalia kile kiti, na hiki ndicho cheo pekee nitakachowasifia. Kituo kilikuwa chuo cha Kurani, chenye ubao mweusi na mikeka iliyokunjwa. Nilikuwa nimepiga pasi hata pazia. Manispaa, kwa hekima zake, ilikuwa imeagiza kila kituo kifunguliwe kwa dua ya mzee wa mahali, ili roho za watu zitulie. Kwa hiyo watu wamejaa uani, nikalipindua sanduku, nikalitikisa, nikafunga kufuli, nikamkaribisha Fundi Hamza. Mzee akaja mbele, akakohoa, akainua mikono. Al-Fatiha.

Wakasoma wote kwa sauti moja, wakajipangusa nyuso, wakapeana mikono. Wakampongeza Nassor. Nassor akanishukuru kwa kazi nzuri. Kisha, mbele ya macho yangu, ua mzima ukaondoka. Wakaenda zao. Nilidhani wameenda kunywa chai. Nikakaa, wino tayari, bahasha tayari, ndoo ya maji tayari, mawakala wawili wananitazama na mimi nawatazama. Wasakalava na Wakristo wa mtaani walikuja wachache, wakaona uani hakuna mtu, wakaingiwa na shaka kwamba pana jambo, wakaamua kusubiri kwanza majumbani. Sanduku langu lilikuwa tupu kama lilivyokuwa nilipolitikisa.

Saa nne mvuta posiposi mmoja akapita nje ya dirisha, na wakala wa Jaomanga akamuuliza kwa nini hajapiga kura. Yule bwana akashangaa. Akasema si tumeshasoma Fatiha? Ndipo nilipoelewa. Ile Fatiha ya kufungulia kituo walikuwa wameichukua ndiyo ya kufungia jambo la Ijumaa. Kwao uchaguzi ulikuwa umekwisha, tena umekwisha vizuri, na Nassor alikuwa nyumbani kwake anachinja mbuzi.

Ninyi mnajua sheria: msimamizi haondoki kituoni na hamwambii mtu njoo upige kura, wala usije. Jua likifika magharibi na sanduku likiwa hivi, manispaa itaandika kwamba Tsaramandroso haina haja na mjumbe, na mtaa uliokaa kimya miaka yote ile utakuwa umejinyamazisha wenyewe, kwa hiari, huku ukila mbuzi. Nilimkumbuka Msye Ernest na ile siku ya kura ya kweli. Ndiyo hiyo, imekuja, na hakuna mtu.

Adhuhuri Bi Echati akaingia na sufuria kichwani, wali wa nazi na samaki, chakula cha sisi wasimamizi. Akatua, akaangaza huku na huku, akauliza watu wako wapi. Sikumwambia aende popote. Niliulizwa swali, nikalijibu: wanaume wamesoma Fatiha asubuhi, wameondoka. Akasimama na mwiko hewani.

"Wamesoma wao," akasema. "Sisi tulikuwa jikoni. Nani alituona tumeinua mikono?"

Akaniachia sufuria bila hata kutupakulia. Haikupita nusu saa nikasikia kelele za furaha njiani, nikachungulia dirishani. Walikuwa wanakuja wanawake wa Tsaramandroso, Wakomori na Wasakalava na machotara kama mimi, wamejifunga salovana zao za maua, nyuso zimepakwa manjano ya masonjoany kana kwamba wanakwenda arusini, watoto mgongoni, na wengine bado wana unga mikononi. Ndoo yangu ya maji ikapata kazi. Mmoja alitoka nyuma ya pazia akicheka peke yake, nikamuuliza kuna nini. Akasema hajawahi kukaa mahali popote peke yake kwa dakika nzima bila mtu kumwita, naomba nirudie. Nikamwambia akirudia mimi nafungwa.

Habari ikafika kwenye mbuzi. Wanaume wakaja mbio, wengine mfupa mkononi, Nassor mbele yao. Kuwaona wanawake wamepanga foleni hadi barabarani, wanachagua mjumbe wa mtaa bila wao, kuliwatia wazimu. Baadhi wakataka kuingia foleni hapo hapo. Wengine waliogopa kweli. Yule mvuta posiposi alikuwa na mtoto mgonjwa nyumbani, akasema hawezi kuifungua Fatiha, hata apewe nini. Nassor akaniomba nisimamishe kura. Hakunifokea. Alisema jamii imekwisha kukubaliana mbele ya Mungu, na hiki kinachoendelea kitatugawa. Nikamwambia mimi sifungui wala sifungi kwa amri ya mgombea, saa ya kufunga inajulikana. Akasema basi aitwe Fundi Hamza.

Akaitwa. Alikuja taratibu, maana hakuwa na namna nyingine ya kuja. Akaelezwa. Akakohoa. Ua wote ukamsubiri, kwa sababu neno moja la mzee yule lingeweza kulirudisha lile sanduku kuwa ubao tu.

"Fatiha ni ombi," akasema. "Asubuhi nilimwomba Mungu siku yetu iende salama. Jina la mtu sikulitaja, na sikumwomba Mungu atupigie kura."

Nassor akamuuliza, kwa adabu kabisa, na umoja wetu je, Fundi? Si ulitufundisha mwenyewe safu isiwe na pengo?

"Safu ni moja, mwanangu," mzee akajibu. "Lakini nia kila mtu anatia yake. Imamu hamtilii mtu nia."

Kisha akaenda mwisho wa foleni, nyuma ya msichana mwenye mtoto mgongoni, akasimama kama watu wengine. Mvuta posiposi akamfuata nyuma yake. Baada yake sikuweza kuwatenganisha tena. Wakristo na Wasakalava waliokuwa wakichungulia madirishani nao wakatoka, na penye wengi pana mengi: foleni ile ilijadili siasa, bei ya mchele na tabia za wakwe, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mtaani humo tangu niolewe. Nilikuwa nikigonga muhuri na machozi yananitoka, nikasingizia lakiri.

Nilifunga saa kumi na moja kamili. Kura kwetu huhesabiwa hadharani, mbele ya yeyote anayetaka kuona, na waliotaka walikuwa mtaa mzima. Nilifungua bahasha moja moja, nikisoma jina kwa sauti, na mwalimu wa chuo akichora vijiti ubaoni juu ya alifu na be ambazo watoto walisahau kuzifuta. Vijiti vya Nassor na vya Jaomanga vilipanda bega kwa bega mpaka nikaacha kutazama ubao. Sanduku lilipokwisha, Jaomanga alikuwa mbele. Pengo lenyewe watu wa nyumba moja wangelijaza.

Huu ndio wakati mgumu kuliko wote katika kazi yetu, vijana, na hakuna chombo chake. Jaomanga alikuwa amekunja mikono yake yenye grisi, hajui kama anaruhusiwa kufurahi. Kijana mmoja wa upande wa Nassor akasema kwa chini kwamba haya ni ya wanawake. Mwingine akaniuliza kapu la karatasi zilizotupwa liko wapi. Nikamwambia limeshachanganywa, akalale. Wote tukamgeukia Nassor. Akisema neno hapana, wale vijana wako nyuma yake, na kila mzee aliyekuwepo alikuwa anakumbuka fujo zinavyoanza.

Yeye hakuwa anatazama ubao. Alikuwa anamtazama mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na sufuria yake tupu, masonjoany imepasuka usoni kwa jasho. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, hilo kila mtu analijua. Na akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hilo nalo Bi Echati alilijua kuliko sisi sote, kwa kuwa alililalia chini ya yale maturubai akiwa amemziba mwanawe mdomo kwa kiganja. Hapakuwa na mtu uani pale ambaye hakuwa akijiuliza. Nassor ndiye aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Mama, kura yako ulimpa nani? Mimi, au Jaomanga?"

Bi Echati akainuka polepole, akajifunga salovana yake upya, akaiweka sufuria kichwani.

"Nyuma ya lile pazia tulikuwa wawili, mwanangu. Mimi na Mola wangu. Wewe ndiye mwanachuoni, muulize Yeye."

Wa kwanza kucheka alikuwa Nassor.